Kusema "nimetapeliwa" kwa Kiingereza: hatua kwa hatua

1. Jiulize mtu amepoteza nini.
Kama ni pesa au mali, una "swindle", "con", "fleece" na "defraud". Kama amefichwa ukweli tu, tumia "deceive", "mislead" au "hoodwink". Kama ni utani usiomdhuru mtu, ni "pull someone's leg". Usimwandikie ofisa wa polisi "he pulled my leg" wakati simu yako imekwenda na maji.

"Con" ina sharti lake: lazima tapeli aaminiwe kwanza. Neno hilo ni kifupi cha "confidence", yaani imani. Mwaka 1849 huko New York alikamatwa William Thompson, aliyekuwa akiwauliza watu wasiomjua kama wanamwamini kiasi cha kumwachia saa zao hadi kesho yake. Magazeti yakamwita "confidence man". Kibaka aliyekuchomolea pochi kwenye daladala si "con man", hata uwe na hasira kiasi gani.

2. Pima urasmi.
Benki na mahakama: "defraud". Gazeti: "swindle". Maongezi: "con", "scam", "rip off". Angalia hilo la mwisho: hata duka lililokupiga bei bila kuvunja sheria yoyote huitwa "a rip-off".

3. Weka kihusishi. Hapa ndipo wengi wanapokwama.
Kiswahili kinasema "alitapeliwa shilingi milioni mbili", na kiasi kinafuata kitenzi moja kwa moja. Ukiandika "she was swindled two million shillings" umekosea. Sema "she was swindled out of two million shillings". "Con", "cheat", "trick" na "scam" hufuata njia hiyohiyo. Unaweza pia kugeuza mpangilio, "they swindled two million out of her", lakini "out of" haiondoki. "Defraud" ina yake: "defrauded of two million".

Kama hoja yako ni kile alichoshawishiwa kufanya, tumia "into" na kitenzi chenye -ing: "they conned her into signing". Basi "out of" inaonyesha alichopoteza na "into" inaonyesha alichofanya. "Deceive" huenda vizuri na "into". Ukitaka kutaja pesa, badilisha kitenzi.

Mtego mkubwa ni "cheat on", yaani kutoka nje ya ndoa au uchumba. "My partner cheated on me" haiwezi kumhusu mbia wako wa duka la vifaa vya ujenzi. Andika "my business partner cheated me out of my share".

Programu za tafsiri hazinishawishi katika hatua hii. Fungua kamusi ya wanafunzi, ya Kiingereza kwa Kiingereza, utafute muundo kama "con sb out of sth". "Sb" ni mtu, "sth" ni kitu.

4. Tafuta nahau pacha, usitafsiri neno kwa neno.
"Kuingizwa mjini" ni "to be taken for a ride". "Kupigwa changa la macho" inakaribiana na "to have the wool pulled over your eyes". "Kupigwa danadana" ni "to be strung along". Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni "to buy a pig in a poke": kwao ni nguruwe, na "poke" ni neno la kale la mfuko. Kilemba cha ukoka kiache nje ya orodha hii, maana ni sifa za uongo. Hata aliyevishwa anaweza asipoteze senti.

5. Heshimu nahau nzito.
"Sell down the river" ilizaliwa Marekani, ambako watumwa waliuzwa kupelekwa chini ya mto Mississippi kwenye mashamba makubwa ya pamba. Itumie kwa usaliti wa kweli, kama viongozi wa chama waliowauza wanachama wao. Kwa chaja feki, "I was ripped off" inatosha.

6. Chagua upande wa bahari.
Kwa aliyepotoshwa kwa hila, Mwingereza anasema "led up the garden path", Mmarekani "down". Kwa magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi, andika "up".