Namna ya Kuanza Kazi katika Ofisi Kubwa ya Ubunifu Majengo, kwa Kijana wa Mwanza

Katika ofisi ndogo za Mwanza, mbunifu majengo mmoja humpokea mteja asubuhi, huenda naye kukagua kiwanja mchana, na jioni huanza kuchora ramani ya nyumba nzima. Ofisi kubwa, ambazo nyingi zina makao yake Dar es Salaam na huleta watu wake Kanda ya Ziwa pindi zinapopata mradi, haziendeshwi hivyo. Humo utakabidhiwa kipande tu: ngazi, vyoo, au jedwali la milango ya ghorofa nne, na huenda miezi mingi ikapita kabla hujakaa meza moja na mteja. Wahitimu wengi huvunjika moyo hapo, wakidhani kwamba wamenyimwa kazi yenyewe. Nakuomba usidhani hivyo, kwa sababu kipande hicho, ukikifuata tangu kwenye karatasi mpaka kwenye zege, kitakufundisha jengo zima.

Wiki ya kwanza usikimbilie kuchora. Fungua michoro ya mradi uliokwisha kukamilika, uisome yote kwa mpangilio wake, kuanzia ramani ya kiwanja hadi michoro ya kina ya uwiano wa 1:5, na uchunguze jinsi majalada yanavyopewa majina, jinsi matoleo yanavyotofautishwa kwa herufi, na nani huweka saini kabla mchoro haujatoka ofisini. Mafundi wakijenga kwa kufuata toleo la zamani, ukuta utavunjwa, na gharama itaanza kutafutiwa mwenyewe. Ustadi wa programu za kuchorea utaupata kadiri siku zinavyokwenda. Utaratibu wa ofisi hakuna atakayekufundisha usipouliza.

Mimi kipande changu cha kwanza kilikuwa ngazi ya jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa kwenye mteremko wa mawe hapa mjini. Kutoka sakafu hadi sakafu kulikuwa na milimita 3,300, nikagawanya kwa vipandio 20, kila kimoja kikawa na kimo cha milimita 165, na hesabu ikanipendeza. Mchoro ukapita kwa wakaguzi wawili. Kabla ya zege kumwagwa, fundi mkuu alinipigia simu akaniita saiti, akaweka futi kamba kwenye mbao za kipandio cha kwanza, akaniuliza kwa upole, "Injinia, hapa vigae vitakaa wapi?" Nilikuwa nimepima kutoka zege hadi zege. Sakafu za ukumbi zilikuwa zinangoja saruji ya kusawazishia na vigae, jumla milimita 60, ilhali vipandio vilikuwa vya kuvikwa milimita 20 tu. Kwa hiyo, baada ya kumalizia, kipandio cha kwanza kingekuwa na kimo cha milimita 125 na cha mwisho 205, na mguu wa mtu aliyezoea vile 18 vya katikati ungejikwaa pale juu. Tulirekebisha mbao siku ileile: kipandio cha kwanza cha zege kikapandishwa hadi milimita 205 na cha mwisho kikashushwa hadi 125, ili vyote vilingane baada ya vigae. Tangu siku hiyo, kila ninapochora kitu cha kukanyagwa, naanza na sakafu iliyokamilika, na kila kijana ninayefanya naye kazi namtaka aende saiti walau mara moja kwa wiki, hata kama hakutumwa.

Jambo jingine ni kwamba wewe uliyekulia Mwanza unayajua mambo ambayo viongozi wako huenda hawayajui, na ni wajibu wako kuyasema. Ziwa liko upande wa magharibi wa mji, na kila mteja anataka kulitazama; lakini upande huohuo ndiko jua la alasiri linakochoma, kwa hiyo dirisha kubwa lisilo na kivuli litageuza chumba kuwa tanuri. Mwamba unaoonekana juu ya ardhi mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya ule uliofukiwa, na msingi uliochorwa bila kuchimba mashimo ya majaribio hubadilishwa saiti kwa gharama kubwa. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na waliolidharau katazo hilo waliona maji yalipopanda mwaka 2020. Mambo haya usiyarushe katikati ya kikao mbele ya mteja. Mwandikie kiongozi wa mradi mapema, kwa heshima, ukiambatanisha picha na vipimo, naye atapata nafasi ya kuyatafakari bila kufedheheka.

Kuhusu saa za kazi, usome mkataba wako kabla ya kutia saini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Mikesha ya kuwasilisha michoro ipo, wala sitakuficha. Andika saa zako kila siku bila kuongeza wala kupunguza.

Andika pia, katika daftari lako mwenyewe, kila kazi uliyoifanya na aliyeisimamia, kwa kuwa shahada peke yake haikupi haki ya kujiita mbunifu majengo. Haki hiyo hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na njia ya kuifikia hupitia mafunzo ya vitendo chini ya mtaalamu aliyesajiliwa. Ukiona mwaka umepita na daftari limejaa milango mitupu, omba kuhamishiwa kwenye usimamizi wa ujenzi, nawe ulionyeshe daftari hilo.

Siku jengo litakapokabidhiwa, omba ruhusa uende na futi kamba. Pima kipandio cha kwanza, pima cha mwisho, kisha uviandike vipimo hivyo pembeni mwa mchoro wako.