Kabla hujaanza kushusha kolesteroli kwa chakula

Pima kwanza. Kolesteroli ikipanda haiumi wala haiwashi, na anayesema ameijua kwa kizunguzungu anakisia tu. Ukipewa majibu, usiridhike na jumla. Ulizia LDL, ile inayojenga utando kwenye mishipa, na uiandike.

Punguza kabla ya kuongeza. Siagi, samli, nyama yenye mafuta. Mafuta ya nazi ni ya asili, sawa, lakini zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta yanayoganda, na hayo hupandisha LDL. Pikia alizeti, soya au zeituni.

Maharage, dengu, oti, shayiri, bamia na tufaha vina nyuzinyuzi zinazogeuka ute tumboni. Ute huo hunasa nyongo na kutoka nayo chooni. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli inayochotwa kwenye damu. Lakini kiasi kina maana: oti husaidia ukifikisha gramu 75 hivi, zikiwa kavu, kila siku. Kijiko kimoja juu ya mtindi hakitoshi. Anza kidogokidogo na unywe maji, la sivyo gesi itakufanya uache mapema. Karanga au lozi, kiganja kimoja, bila chumvi.

Sasa dawa. Hapa nisikilize vizuri.

Mjomba wangu alikuwa akimeza simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, kila usiku, na ilikuwa inamfaa. Akasikia kwamba balungi husafisha mishipa, akaanza kukamua juisi yake kila asubuhi, gilasi kubwa. Mapaja yakaanza kuuma, akasema ni uzee. Kupanda ngazi kukawa kazi, akazidi kunywa, maana aliamini ndiyo inayomtibu. Mkojo ulipotoka mweusi kama kahawa ndipo mkewe alipomkokota hospitali. Misuli ilikuwa inavunjika na figo zimeanza kuelemewa. Wakamtundikia maji, wakasimamisha dawa. Daktari ndipo akauliza jambo ambalo sisi sote nyumbani hatukuliwaza: siku hizi unakunywa nini?

Utumbo una kimeng'enya kinachovunja sehemu ya dawa hiyo kabla haijaingia kwenye damu. Balungi hukizima kwa zaidi ya siku moja, kwa hiyo kunywa juisi asubuhi na kidonge usiku hakuondoi hatari. Kidonge ni kilekile, lakini dawa inayofika kwenye damu ni nyingi mno. Atovastatini, dawa ya jamii hiyohiyo, nayo huathirika, ingawa si kwa kiasi hicho; pravastatini na rosuvastatini haziguswi hivyo. Usikisie. Mtajie mfamasia jina la dawa yako na kila unachotaka kuanza kula au kunywa kila siku, hata kama ni tunda.

Wala usiache kidonge kimyakimya kwa sababu sasa unakula oti. Rudia kipimo baada ya miezi 2 au 3, ndipo uzungumze na daktari.

Mwenye ugonjwa wa figo asikimbilie maharage na parachichi kabla ya kuuliza, kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani. Vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza kutoka damu, vitaje kabla ya upasuaji. Na kama mzazi au ndugu yako alipata shtuko la moyo angali kijana, huenda kolesteroli yenu ni ya kurithi. Sahani peke yake haitaishusha vya kutosha, na watoto wenu nao wapimwe.