Sabufa iliyokufa, usiitupe spika yake

Sabufa nyingi zinazouzwa kama skrepa huku Igoma, kilichokufa ni ampu (kikuza sauti), spika nzima kabisa. Kabla hujalipa, bonyeza koni, ule uso wa spika unaocheza, taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikikwaruza, rudisha, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inasugua. Halafu gusisha betri ya volti 1.5 kwenye vituo vya waya vya spika: koni ikiruka kwenda nje, pale ilipogusa chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Weka alama hapo hapo, utasahau.

Pima na multimita pia, upande wa omu (ukinzani). Spika ya omu 4 husoma 3 na kitu, usishtuke.

Kisha itengenezee boksi lake. Kwa spika ya inchi 10 nilitumia plaiwudi ya mm 18, nafasi ya ndani sm 30 kwa 30 kwa 35, kama lita 31. Boksi langu la kwanza lilikuwa la chipbodi. Lilikaa chini karibu na dirisha, masika moja tu kona zikavimba kama andazi. Paka gundi kila kiungo, ziba hata tundu la waya kwa silikoni. Ukimaliza, bonyeza koni uachie: ikirudi kivivu, boksi limeziba. Ikirudi chap, kuna mahali panavuja, na besi yako itatokea huko.