Somo: Kutunza njia ya mafuta ya mashine ya kukata nyasi kabla ya kiangazi

Masika yanapokatika mwishoni mwa Mei, ukoka wa huku Arusha hupunguza kasi ya kuota, na mashine nyingi za kukata nyasi husukumwa stoo zikiwa na petroli tangini, kusubiri vuli. Ikifika Novemba mwenye mashine huvuta kamba mpaka bega linamuuma, injini haitoi hata mlio, naye huamini kuwa imekufa. Nyingi kati ya mashine ninazoletewa kwa hali hiyo hazina ubovu wa pistoni wala wa cheche, bali zimezibwa na petroli ile ile iliyoachwa ndani, na inaniuma kuona mtu amenunua injini mpya kwa kosa ambalo lingeepukwa kwa kazi ya robo saa.

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyosaidia injini baridi kuwaka, ndivyo vinavyotangulia kuvukia. Kinachobaki huungana taratibu na hewa na kugeuka utomvu wa kahawia unaonata. Tangini utomvu huo unaweza usionekane, lakini katika kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ambako tundu la jeti, kipande kidogo kinachopimia mafuta, lina upana wa chini ya milimita moja, tone moja lililokauka linatosha kuizuia injini isiwake.

Hatua ya kwanza ni usalama. Fanyia kazi hii nje, injini ikiwa imepoa kabisa, na uchomoe kofia ya plagi ili kisu kisije kikazunguka kwa bahati mbaya. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua. Ukilazimika kuilaza mashine ubavu, upande wenye kabureta na chujio la hewa uwe juu, la sivyo oili na petroli vitalowesha chujio.

Hatua ya pili ni petroli yenyewe. Nunua ile tu utakayoimaliza ndani ya mwezi mmoja, uiweke kwenye dumu maalumu la mafuta lenye mfuniko unaobana, na ubandike karatasi yenye tarehe ya kununua. Kamwe usiiweke kwenye chupa ya maji au ya soda, kwa sababu mtoto haulizi kilichomo kabla ya kunywa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukabili uchakachuaji, lakini vinasaba hivyo havimlindi anayenunua petroli ya kupimiwa barabarani, ambayo huenda imeongezwa mafuta ya taa baada ya kutoka kituoni. Ukiwa na shaka, mimina kidogo kwenye glasi ya zamani usiyoitumia tena na uiache itulie: maji hukaa chini kama shanga inayotembea unapoiinamisha glasi, na petroli iliyochacha huwa na rangi ya chai na harufu kali ya vanishi.

Hatua ya tatu ni tangi, mpira wa kupitishia mafuta na chujio la mafuta. Mwaga petroli yote, angalia kwa tochi kama kuna kutu, mchanga au vipande vya nyasi, kisha suuza kwa petroli safi kidogo. Mpira uliopasuka au uliokuwa mgumu ubadilishwe pamoja na klipu zake, na chujio la mafuta, kama mashine yako inalo, libadilishwe kila mwaka, mshale wake ukielekea kwenye kabureta.

Hatua ya nne ndiyo inayohitaji utulivu, nayo ni kabureta. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote. Funga koki ya mafuta, weka beseni jeupe chini, kisha fungua boliti inayoshikilia bakuli la kabureta, ambayo kwa mashine nyingi hufunguliwa kwa spana namba 10. Iangalie boliti hiyo vizuri, kwa kuwa katika baadhi ya kabureta ndiyo jeti yenyewe, ikiwa na vitundu ubavuni. Chomoa kipini cha floti, yaani boya lililomo bakulini, polepole, maana sindano inayoning'inia hapo, ambayo huziba mafuta bakuli likijaa, ni ndogo na hupotea upesi kwenye majani. Jeti ifunguliwe kwa bisibisi inayoenea mfereji wake sawasawa, kwani shaba ya manjano ni laini na mfereji ukichubuka hutaweza kuitoa tena.

Sasa ielekeze jeti kwenye mwanga wa jua na uchungulie. Tundu safi huonekana duara kamili lenye ukingo mkali. Lililoziba huonekana kama mwezi mwandamo, au halionekani kabisa. Loweka sehemu za chuma tu katika dawa ya kusafishia kabureta, mipira na gasketi ukiwa umeziweka pembeni kwa sababu dawa hiyo huzivimbisha, kisha vaa miwani na upulize kila tundu kwa kompresa. Utomvu ukikataa kutoka, tumia uzi mmoja wa shaba nyekundu uliotolewa kwenye waya wa umeme, kwa kuwa ni laini kuliko jeti. Niliwahi kuletewa mashine ya shule ambayo jeti yake ilikuwa imezibuliwa kwa sindano ya kushonea. Tundu lilipanuka, injini ikawa inatoa moshi mweusi na kula mafuta kupita kiasi, na haikuwezekana kuitengeneza mpaka jeti mpya ilipopatikana.

Hatua ya tano ni ya siku ya kuiweka mashine stoo. Mwaga petroli ya tangini, washa injini mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha legeza skrubu ya chini ya bakuli na utoe matone yaliyobaki. Usiiruke sehemu hiyo ya mwisho, kwani injini huzima kabla bakuli halijakauka.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo fundi. Mashine yangu inawaka vizuri, lakini baada ya kama dakika kumi inazima, na nikiiacha kidogo inawaka tena. Nimeshabadilisha plagi mara mbili.

Jibu: Marahaba. Anza na mfuniko wa tangi. Una kitundu cha kupitisha hewa, na kikiziba, petroli hushindwa kushuka kwa sababu hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Siku inayofuata ikizima, legeza mfuniko injini ikishapoa kidogo. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na mashine ikawaka mara moja, osha mfuniko huo au ununue mwingine.

Swali: Jirani ananiambia nichanganye oili kwenye petroli ili injini idumu. Je, ni kweli?

Jibu: Inategemea injini yako, kaka. Ikiwa ina mahali pake pa kumiminia oili na kijiti cha kupimia, ni ya mapigo manne, na petroli iingie peke yake. Injini ya mapigo mawili ndiyo inayohitaji mchanganyiko, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji: kwa 50 kwa 1 utaweka mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na kwa 25 kwa 1 utaweka mililita 40.

Swali: Naomba msaada. Oili kwenye kijiti imepanda kupita alama na inanuka petroli, ingawa sijaongeza chochote.

Jibu: Mama, tafadhali usiiwashe. Sindano ya floti haizibi, hivyo petroli imekuwa ikivuja usiku kucha na kuingia kwenye oili, ambayo sasa haiwezi kuilinda injini. Funga koki, mwaga oili yote, kisha fungua kabureta uangalie ncha ya sindano: ikiwa na alama ya pete iliyochimbika, ibadilishe. Ikishafungwa, igeuze kabureta juu chini na upulize taratibu kwenye mrija wa kuingizia mafuta kupitia kipande cha mpira safi. Hewa isipopita, sindano inaziba, nawe unaweza kuweka oili mpya. Tangu hapo funga koki kila unapomaliza kukata.

Swali: Nina dumu la lita tano la mwaka jana. Nimwage wapi?

Jibu: Usimwage mferejini wala shambani, na usiwashie mkaa. Ulizia gereji inayokusanya mafuta machafu ikupokelee, na mpaka hapo liache dumu kivulini, limefungwa, mbali na jiko na watoto.