Kufunga fito za traksheni kwenye Mustang ya springi za majani (1965–1970)

Ukikanyaga mafuta ghafla, matairi ya nyuma yanazunguka kwenda mbele na hausingi ya ekseli (ganda la chuma linaloibeba ekseli na difu) inataka kuzunguka kinyume: pua ya difu, yaani ncha yake ya mbele inayopokea propela, inainuka. Kwenye gari la springi za majani, kinachoizuia ni springi zenyewe. Nusu ya mbele ya springi, kutoka kwenye ekseli hadi jicho la mbele (tundu la mviringo la ncha ya springi, linalofungwa kwa bolti kwenye chesisi), inajikunja kama herufi S. Tairi linapoteza mshiko, springi inafyatuka, tairi linashika tena, na mchezo unaanza upya. Huko ndiko kurukaruka kunakovunja ekseli na krosi (viungo) za propela, shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu.

Chrysler walilipunguza tatizo hili kiwandani kwa kuisogeza ekseli mbele ya katikati ya springi, nusu ya mbele ikawa fupi na ngumu. Camaro ya 1967 ilikuwa na jani moja tu kila upande, na ikarukaruka ipasavyo. Mustang ina majani kadhaa, lakini ukiiwekea V8 yenye nguvu na matairi yanayoshika, nayo inajikunja.

Ufito wa traksheni ni chuma kinachofungwa chini ya springi kwenye ekseli na kuelekea mbele, ncha yake ina mpira mnene. Hausingi ikitaka kuzunguka, ncha inapanda na mpira unagonga chini ya jicho. Springi inakosa nafasi ya kujikunja.

Kabla ya kununua

Pima kutoka senta bolti ya springi (inayoshikanisha majani katikati, kwenye ekseli) hadi katikati ya bolti ya jicho la mbele. Mpira lazima ufike chini ya jicho lenyewe. Ukigonga jani sentimita 5 nyuma yake, unakuwa umeiwekea springi egemeo jipya, na jani kuu litapinda hapohapo. Hili ni kosa linaloharibu springi nyingi, na chanzo chake ni fito zinazouzwa eti za "magari yote".

1. Kagua vilivyochoka

Bushi za jicho na za sheko (kiungo kinachoning'iniza ncha ya nyuma ya springi), senta bolti, majani yenye ufa, shokapu zinazovuja, mikono ya injini, krosi. Ufito hautibu bushi iliyokufa. Utaifanya igonge kwa sauti zaidi.

2. Funga upande mmoja kwanza

Weka stendi chini ya chesisi, mbele ya macho ya springi, na jeki chini ya hausingi. Usifungue pande zote mbili kwa pamoja, ekseli itahama.

Kwenye Mustang shokapu imefungwa kwenye sahani iliyo chini ya springi, kwa hiyo itoe kwanza. Kisha legeza nati za yubolti, bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Usirudishe yubolti za zamani. Unene wa ufito utazifanya ziwe fupi, na uzi uliokwisha kukazwa miaka 50 hauaminiki. Mpya zichomoze uzi 2 au 3 nje ya nati.

Sasa angalia nati ya senta bolti. Inachungulia chini ya springi, na ufito lazima uwe na tundu la kuimeza. Bila hilo ufito unakalia ncha ya nati badala ya kulala bapa. Utakaza yubolti leo, wiki ijayo utazikuta zimelegea. Kaza kwa kuvuka (nati moja, kisha ya pembe inayoikabili), kidogo kidogo, hadi toki iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au karatasi ya fito.

Kama ulilegeza bolti ya jicho la mbele, ikaze gari likiwa limekalia matairi yake. Ukiikaza springi ikiwa inaning'inia, bushi ya mpira itaishi imesokotwa.

3. Pima nafasi ya mpira

Gari liwe chini, mafuta nusu tangi, mtu wa uzito wako akiwa kwenye kiti cha dereva. Anza na nafasi ya milimita 20 kati ya mpira na jicho kushoto na 10 kulia, ukipunguza kwa kuweka washa chini ya mpira. Kulia kunabanwa zaidi kwa sababu mzunguko wa propela unalipunguzia uzito tairi la kulia, ndilo linaloteleza kwanza. Gari likivuta kushoto linapoondoka, kulia umebana mno.

Nafasi ikiwa kubwa, springi inakuwa imekwisha kujikunja kabla mpira haujafika, na utausikia mlio wake. Ikiwa ndogo mno, mpira unagusa kwenye kila tuta na sehemu ya nyuma inakakamaa kwenye kona. Hapo mkia unaweza kukukimbia.

4. Pembe ya difu

Pima pembe ya propela na ya pua ya difu, uzito wote ukiwa kwenye springi. Kwa barabarani, pua iwe chini ya mstari wa propela kwa nyuzi 3 hadi 5, maana itapanda ukikanyaga. Pembe hurekebishwa kwa kabari: ikae kati ya springi na kikalio chake kwenye ekseli, upande mnene ukiwa nyuma ili pua ishuke. Nunua za chuma. Za alumini hupasuka. Mtetemo ukianza kwenye mwendo mkubwa, umezidisha.

5. Klempu za majani

Klempu ni vibano vinavyoshikanisha majani ya springi. Kaza za nusu ya mbele, legeza za nusu ya nyuma. Mbele inakuwa kama mkono mmoja mgumu, nyuma inabaki na ulaini. Ni kazi ya dakika chache na inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

6. Jaribu

Paka rangi nyeupe juu ya mpira, ondoka kwa nguvu mara 2 au 3 mahali pa wazi, kisha lala chini uangalie. Alama inatakiwa iwe chini ya mviringo wa jicho. Ukiiona kwenye jani bapa, ufito ni mfupi: utoe. Kaza yubolti tena baada ya kilomita 80.

Gari likirukaruka wakati wa kufunga breki, usizilaumu fito. Hapo hausingi inazungukia upande mwingine na mpira unajitenga na jicho. Rudi kwenye shokapu na bushi.