Kutoka timu ya shule hadi jezi ya Filipinas

Binti anayetaka kuichezea Filipinas, timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Ufilipino, aanze na makaratasi akiwa bado na miaka 12 au 13. Wengi wa waliokwenda Kombe la Dunia la 2023 walikulia nje ya visiwa, na kwa watoto kama hao kikwazo cha kwanza ni pasipoti, si pumzi.

Uraia wa Ufilipino hufuata damu. Ikiwa baba au mama alikuwa raia siku mtoto alipozaliwa, mtoto ni raia. Mzazi aandikishe uzazi huo ubalozini, kisha aombe pasipoti. Ukishapita mwaka tangu kuzaliwa, atatakiwa kuleta hati ya kiapo inayoeleza sababu ya kuchelewa. Kama mzazi alikwishachukua uraia wa nchi nyingine kabla ya uzazi, njia ni nyingine: aurejeshe wa kwake kwa Sheria ya Jamhuri namba 9225 ya mwaka 2003, na mtoto ahesabiwe pamoja naye. Hilo liwahi kabla binti hajatimiza miaka 18, tena akiwa hajaolewa. Akishavuka umri huo, njia hiyo imefungwa.

Jina la kati ndilo linalochelewesha faili nyingi. Kwa Wafilipino, jina hilo ni ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Tuseme cheti cha Marekani kinasoma Anna Rose Cruz, na Rose ni jina lake la pili tu. Hati za Ufilipino zitasoma Anna Rose Reyes Cruz. Sahihisha tofauti hiyo kabla jina halijapelekwa kwenye mashindano, maana kikosi kikishaitwa hakuna muda wa kuhangaika na karani.

Angalizo kwa mwenye uraia pacha: mechi moja rasmi ya mashindano akiwa na timu ya nchi nyingine, hata ya U-17 (chini ya miaka 17), inamfunga. Kuhama baada ya hapo kunahitaji ombi kwa FIFA, na hukubaliwa mara moja tu. Mechi ya kirafiki haimfungi.

Umri huhesabiwa kuanzia Januari 1. Kombe la Asia la U-17 la 2024 kule Bali lilipokea waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2007. Aliyezaliwa Desemba 2007 alikuwa akipambana na wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima, na mwili hauongopi. Huyo asikate tamaa akiachwa. Ajinoe katika mguso wa kwanza na mguu dhaifu, alenge U-20.

Kwa aliyelelewa visiwani, njia iliyonyooka hupitia chuo kikuu kinachocheza UAAP, mashindano ya michezo ya vyuo vikuu, kama FEU au La Salle, na Ligi ya Wanawake ya PFF, shirikisho la soka la Ufilipino. Achague timu itakayompa dakika. Mwaka mzima kwenye benchi la timu kubwa humwachia mwalimu wa taifa karatasi tupu.

Video iwe ya dakika 4 hadi 6, mshale ukimwonyesha mwanzoni mwa kila tukio. Beki aonyeshe anavyojipanga kabla ya mpira kufika, si kukata tu. Aambatanishe na mechi moja nzima isiyohaririwa: humo ndimo mwalimu huona anafanya nini baada ya kupoteza mpira.

Wakala akimwahidi msichana wa miaka 16 mkataba ng'ambo, akataliwe. FIFA imezuia uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu soka.

Magoti yanataka ulinzi kila wiki. Programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ huchukua dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki. Zile dakika 10 za katikati, za nguvu, kuruka na mizani, ndizo watu huzipunguza, na ndizo zinazolinda kano. Kwenye nyasi bandia avae njumu za meno mafupi na mengi: meno marefu hung'ang'ania chini wakati mwili unageuka, na goti ndilo linalobeba msokoto.