Kabla hujasaini mkataba wa nyumba, uliza mtoto wa mwisho kupata nafasi shuleni aliishi wapi

Nyumba yetu ya pili hapa Uingereza niliipendea kelele za watoto. Siku ya kuiona nilisimama jikoni, dirisha wazi, nikawasikia wakicheza uwanjani mwa shule saa ya mapumziko. Nikamwambia mume wangu, huyu wetu atatoka na mkate mkononi na bado atawahi. Tukahamia Oktoba. Aprili tukapangiwa shule ya mabasi mawili. Ile ya jirani ilijaza nafasi zilizobaki kuanzia wanaoishi karibu, na mtoto wa mwisho kuchukuliwa aliishi mita 389 kutoka shuleni. Sisi tulikuwa mita 412. Mita 23 hizo nililia nazo mwaka mzima kituoni, mvua ikinyesha.

Sasa wifi yangu anahama kutoka Leicester kuja upande wetu na wanawe wawili, na nimeapa yasimkute. Haya ndiyo tunayofanya. Nasema England tu. Uskoti na Wales wana taratibu zao.

Anza na masharti ya shule yenyewe. Kila shule ya umma lazima itangaze inachukua watoto wangapi na kwa mpangilio gani pale wanapozidi nafasi. Tuseme nafasi ni 60. Mtoto mwenye mahitaji maalumu ambaye mpango wake rasmi umeitaja shule hiyo ataingia. Kisha wanaolelewa na kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, au waliowahi kulelewa nayo. Mara nyingi wanafuata wenye kaka au dada shuleni hapo, na hao wanaweza kuwa nusu ya darasa. Umbali unagawana kilichobaki. Shule za dini zina masharti ya ibada na fomu yake ya ziada, zisome peke yake.

Halafu tafuta umbali wa mtoto wa mwisho. Kaunsili nyingi huuweka kwenye tovuti yao, miaka kadhaa nyuma. Usipouona, piga simu uulize. Usichukue mwaka mmoja. Wifi aliniletea shule yenye mita 520, 610, 1,450 na 470, macho yanang'aa kwa ile 1,450. Nikamwambia apige simu. Kumbe mwaka ule shule ilifungua darasa la ziada, mara moja tu. Mwaka kama huo ufute. Shika ule mbaya kuliko yote, hapo 470, kisha jipunguzie tena, maana mwaka wenye wadogo wengi wa wanafunzi unaweza kuushusha zaidi.

Kupima nako kuna mambo. Kaunsili nyingine hupima mstari ulionyooka kama ndege anavyoruka, nyingine njia ya miguu. Nyingine huishia getini, nyingine katikati ya jengo la shule. Ramani ya simu haitoshi, na neno la dalali halitoshi kabisa. Tumia kipimo cha kaunsili kwenye tovuti yao, au waombe wakupimie anwani hiyo. Na ukisikia nyumba iko ndani ya eneo la shule, bado uliza: kuwa ndani ya eneo si ahadi ya kiti.

Tarehe ni hizi: mtoto huanza Risepsheni, darasa la kwanza kabisa la shule ya msingi, Septemba baada ya kutimiza miaka minne, maombi hufungwa tarehe 15 Januari, majibu hutoka tarehe 16 Aprili. Uliza kaunsili wanataka ushahidi gani wa anwani na hadi lini. Nyumba unayotarajia kununua, wengi hawaihesabu mpaka mnunuzi na muuzaji wabadilishane mikataba iliyosainiwa. Anwani ya shangazi usiithubutu. Wakigundua, mtoto anaweza kunyang'anywa nafasi.

Kwenye fomu taja shule nyingi kadiri unavyoruhusiwa: angalau tatu, London sita. Kuandika shule moja tu hakukuongezei bahati, kwa sababu shule haichagui kwa kutazama umeipanga ya ngapi. Weka ndani yake moja ambayo umbali wako unaingia kila mwaka.

Kama mtoto ameshaanza shule, hesabu ni nyingine: unauliza kama kuna kiti kitupu leo. Madarasa ya wadogo, Risepsheni mpaka Mwaka wa 2, yana kikomo cha kisheria cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na rufaa dhidi ya kikomo hicho ni nadra kushinda. Lakini hapa wifi ana bahati. Mkubwa ana miaka sita, mdogo anatimiza minne Mei. Tukimpatia mkubwa kiti kwanza, mdogo anaingia kundi la ndugu. Tumesoma masharti mara mbili, maana shule nyingine humhesabu ndugu pale tu familia inapoishi karibu.

London mambo yamelegea kidogo, watoto wamepungua mpaka shule kadhaa za msingi zimefungwa. Kwa hiyo uliza pia kama shule unayoitaka itakuwepo.

Jana wifi alinung'unika, "Wifi, lakini hii ina bustani." Bustani kweli, mita 660. Jumamosi tunakwenda kuona nyingine, haina hata kibaraza. Kaunsili wamepima mita 298, na mwaka mbaya kuliko yote wa shule ile ulikuwa 341. Darasa la Mwaka wa 1, la yule mkubwa, lina viti viwili vitupu, niliwapigia Ijumaa.